Mashine ya bei nafuu ya kusoma kodi za hitilafu: angalia gari lako kwanza

Habari zenu wadau. Taa ya cheki injini imewaka, fundi anakwambia badilisha sensa ya oksijeni, na wewe huna cha kumjibu. Leo nina vifaa viwili vya bei ya chini vya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari imehifadhi. Hiki kidogo ni ELM327 ya bluetooth, kinachotuma data kwenye simu yako, mtandaoni mara nyingi haifiki dola 10. Hiki chenye waya na skrini yake ni Ancel AD310, dola 20 hadi 35 hivi kabla ya usafiri.

Sasa kabla hujatoa hela, angalia gari lako limetoka wapi na ni la mwaka gani. Marekani walilazimisha mfumo wa OBD2, yaani lugha moja ya gari kuongea na mashine hizi, kuanzia modeli za 1996, Ulaya wakafuata na magari ya petroli mwaka 2001. Lakini IST, Vitz na Probox zetu nyingi zilitengenezwa kwa soko la Japani. Zile za miaka ya mwanzo ya 2000 zina soketi ileile ya pini 16 chini ya usukani, ila unachomeka mashine, inatafuta weee, mwisho inakuandikia imeshindwa kuwasiliana na gari. Mashine si mbovu, ila yenyewe na gari haziongei lugha moja.

Kwa gari za namna hiyo AD310 mara nyingi inagoma. Hiki cha bluetooth ndicho chenye nafasi, kwa sababu programu za simu kama Torque Pro na Car Scanner zinakuruhusu kubadili mipangilio ifuate Toyota za Japani. Shida ni kopi. Karibu zote zilizoko madukani si chipu halisi ya ELM, na nyingi zilizoandikwa toleo la v2.1 zimepunguzwa uwezo. Wazoefu hutafuta v1.5, ingawa maandishi tu kwenye boksi si dhamana. Wenye iPhone, ile ya bluetooth ya kawaida haitashika. Tafuta ya WiFi au inayotaja iPhone waziwazi.

Mafundi wa zamani wa Toyota wao wanaunganisha pini ya 4 na ya 13 za soketi hiyo kwa kipande cha waya, halafu wanahesabu taa ya cheki injini inavyopepesa ili kupata kodi. Inafanya kazi, ila usiguse pini ya 16. Hiyo ina umeme wa betri muda wote, hata funguo zikiwa mfukoni.

Haya, njooni kwenye hii Premio ya 2008. Nachomeka AD310, swichi on... imeshika. P0171, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Kodi haijasema sensa imekufa! Hapa ndipo watu wanapigwa. Nenda kwenye data hai, tafuta fyueli trimu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Silensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, mnaona, inasoma juu ya asilimia 20, maana yake kompyuta inaongeza mafuta kwa nguvu. Nikanyage kidogo, mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika... inashuka karibu na sifuri. Ikifanya hivi, shuku kwanza hewa inayoingia kwa wizi: mpira uliopasuka, gasketi ya manifoldi. Kama ingepanda kadiri ninavyokanyaga, ningeanza na sensa ya hewa iliyochafuka au pampu ya mafuta. Kwa hiyo mashine isiyoonyesha data hai, hata uuziwe bei ya kutupa, iache dukani.

Kitu kingine nachokipenda ni sehemu ya I/M, inayoonyesha kama gari limemaliza vipimo vyake lenyewe. Unakwenda kununua gari la mkononi, dashibodi safi, hakuna kodi hata moja. Bonyeza hapo. Ukikuta vipimo vingi havijakamilika, kuna uwezekano kodi zimefutwa karibuni, au betri ilichomolewa. Mwombe muuzaji mzunguke kidogo na gari kisha upime tena.

AD310 haisomi hitilafu za breki za ABS wala eabegi, na wala usimwamini muuzaji anayekuapia kwamba ELM ya bei hiyo itasoma zote. Taa hizo zikiwaka, mlipe fundi mwenye mashine kubwa.

Mimi kwa gari la 2008 kuja juu nachukua AD310, haihitaji simu wala bando. Kwa IST ya 2003 nachukua ELM, lakini naenda dukani na gari lenyewe. Chomeka, fungua programu, ukiona mzunguko wa injini unasomeka kwenye simu, lipa. Muuzaji akikataa usijaribu, vuka barabara, duka la pili lipo.