Mashine ya kupima sukari ya damu yenye nanochembe za dhahabu: tunavyoitumia Mbagala

Mashine hii nilimnunulia bi mkubwa Kariakoo baada ya stripu (vile vipande vinavyowekwa tone la damu) za ile ya zamani kuadimika. Muuzaji alisifia neno moja tu, "nano", utadhani ndilo linaloshusha sukari. Kushusha haishushi. Inapima, na inapima vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kazi yote iko kwenye stripu. Ndani yake kuna kimeng'enya (enzimu, protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kinachoichukulia glukosi ya damu elektroni zake. Zikifika kwenye elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme, zinazaa umeme kidogo mno, mashine inausoma na kukupa namba. Wazo hilo si geni, wanasayansi Clark na Lyons walilitoa Marekani mwaka 1962. Karatasi ya ndani ya boksi inasema elektrodi ya stripu hizi imepakwa chembe za dhahabu zisizofika nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Udogo huo unaongeza eneo la kupokelea elektroni, kwa hiyo umeme unasomeka hata kwa tone dogo. Hapo ndipo bi mkubwa alipofurahi, maana ile ya zamani ilitaka damu nyingi, na isipotosha unatobolewa kidole kingine.

Siku ya kliniki tulipima tukiwa bado kwenye benchi, ikasoma 7.9 (kwa mmol/L, kizio cha sukari kwenye damu). Maabara, kwa damu ya mshipa, wakatoa 7.4. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinakubali tofauti ya hadi asilimia 15 sukari ikiwa 5.55 na zaidi, kwa hiyo siilaumu. Mwenye upungufu wa damu awe makini zaidi, namba inaweza kupanda kuliko sukari yake halisi.

Msimu wa embe ulitutisha. Bi mkubwa alimenya maembe, akapima, ikaja 14! Akanawa kwa sabuni na maji, akajikausha, akapima upya: 7 na kitu. Sukari ya tunda ilikuwa kidoleni. Kufuta kwa spiriti peke yake hakutoshi, na hakuna nano itakayotenganisha sukari ya embe na ya damu.

Ninacholalamikia ni stripu kuishi kwenye joto letu. Karatasi inataka zisizidi nyuzi 30, na Dar mwezi wa pili chumba cha bati kinapita hapo kabla ya adhuhuri. Unyevu nao unakiharibu kimeng'enya, hivyo kikopo kinafungwa papo hapo, na kwenye friji hakiingii. Sisi tunakiweka chini ya kitanda, kwenye sakafu ya saruji. Duka moja nililikuta limepanga maboksi dirishani, jua linapiga. Sikununua.

Boksi la stripu 50 ni kama shilingi 35,000, yaani 700 kila kipimo. Mashine ni rahisi, stripu ndizo zinazokula hela. Kabla hujalipia mashine, pita kwanza maduka ya dawa ya mtaani kwako uulize kama wanazo. Huku Mbagala bado sijaziona, tunazifuata Kariakoo.