Pasi ya dukani na pasi ya Insta: zote zimenitia hasira

Ukenda kununua pasi hapa mjini Unguja na muuzaji akakataa kuichomeka mbele ya macho yako, toka dukani kwake. Usimbembeleze. Nayasema haya nikiwa na hasira bado, ingawa jambo lenyewe lilianza kabla ya Ramadhani.

Pasi yangu nilimpa binti yangu alipoolewa Wete, nikawa natafuta nyengine, kavu tu, mambo ya mvuke siyataki. Nikaingia duka moja la vifaa vya umeme Mlandege. Ndani kijana kajiegemeza kaunta, simu mkononi. Nikamtolea salamu, akaitikia kwa kidevu. Nikasema nataka pasi, akaburura boksi moja la buluu mpaka mbele yangu, macho hayajatoka kwenye simu.

"Mwanangu, hebu nichomekee niione inapata moto."

"Boksi likifunguliwa ushanunua."

Na ukutani juu ya kichwa chake pamebandikwa karatasi: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sasa mimi niijaribu saa ngapi? Kabla ya kulipa hairuhusiwi, nikishalipa hairudi. Soketi ilikuwa pale pale nyuma yake, imechomekwa chaja ya simu yake. Nikamuonesha. Hapo ndipo aliponyanyua uso. "Bi mkubwa, kama una wasiwasi kanunue huko mtandaoni."

Niliondoka natetemeka. Mtu mzima, nina pesa yangu mkononi, nimemwita mwanangu, ananijibu kama nimekwenda kumwomba sadaka! Mimi nimekulia mji huu. Hata globu, wenye maduka Darajani wana kishikio chao ukutani, wanaipachika ikawaka ukaiona ndipo waitie mfukoni. Hakuna anayehesabu hilo kuwa ni hisani, ndivyo globu inavyouzwa. Itakuwaje pasi ya shilingi 35,000, kitu cha moto, niichukue kwa imani?

Basi nikanunua huko mtandaoni kweli, Instagram. Kila picha chini yake imeandikwa "bei njoo inboksi", tabia ambayo siipendi mpaka leo. Bei iandikwe watu waione. Lakini yule dada wa Dar es Salaam aliniweza kwa adabu. "Shikamoo mama yangu," ndiyo meseji yake ya kwanza. Nikamwomba aijaribu pasi. Hakubisha, akanitumia video: kaichomeka, taa nyekundu imewaka, kasubiri, kadondosha tone la maji juu ya bati, likachemka likapotea, na taa ikazimika yenyewe. Pesa nikamtumia kwa simu, mzigo ukaja na boti, nikaupokea bandarini Malindi kabla ya Magharibi. Nilimsifu kila nilipokaa. Niliwaambia mashoga zangu maduka ya Mlandege yafungwe tu.

Haukupita muda. Ijumaa moja nampigia pasi baba watoto kanzu, ile taa haizimiki. Nikapunguza moto, haizimiki. Nilipoinyanyua, chini kidogo ya darizi ya shingoni pana alama ya rangi ya chai, ina ncha juu na imepanuka chini, mahali ambapo hata avae koti itaonekana. Na nilipoishika pembeni, pale penye skrubu, ikanipiga shoti. Nimesimama miguu mitupu juu ya saruji. Kiganja kilikufa ganzi mpaka adhana, na baba watoto akenda msikitini na kanzu aliyoivua jana yake.

Nikamwandikia yule dada. "Pole sana mama yangu." Halafu: "Itume tuikague, gharama za kutuma ni zako." Niilipie kwenda Dar, niilipie kurudi, na katikati yake maswali ya ushuru bandarini ambayo kila Mzanzibari aliyewahi kuvuka na kitu cha umeme anayajua. Nikamwomba basi anirudishie nusu tu. Tiki mbili za buluu, kimya. Nikaandika chini ya picha za pasi zake, maneno yangu yakafutwa. Kisha ukurasa wenyewe sikuuona tena. Kanibloku. Mimi, mama yake!

Hapo nikasema heri ya yule kijana wa Mlandege. Jeuri, lakini mlango wake naujua, ningemkalia pale barazani kila asubuhi mpaka anilipe. Siku hizo nguo nazipiga kwa pasi ya makaa ya mama yangu, ile iliyotuvusha giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara ulipoharibika. Nzito, lakini nguo ya mtu haijawahi kuiunguza.

Ile mbovu nikaipeleka kwa fundi Mwanakwerekwe. Akatoa mita ya mafundi umeme, ile inayolia waya ukiwa umeungana. Ncha moja akaigusisha kwenye mguu mrefu wa plagi, nyengine kwenye bati la pasi. Kimya. Akachukua pasi ya mteja mwengine, akafanya vile vile, mita ikalia. Kisha akaukata waya wa yangu mbele yangu: ndani nyuzi mbili tu. Ule wa tatu, wa kijani na manjano, wa ethi, haumo kabisa. Plagi ina miguu mitatu, mmoja wa maonyesho. Akanieleza kuwa bati lazima lifungwe kwenye mguu ule mrefu, ili umeme ukivuja uende ardhini usipite mwilini kwa mtu. "Mama, hii ingekuua," akaniambia.

Na boksi la pasi hiyo ni lile lile la buluu nililoburuziwa Mlandege. Jina lile lile, picha ile ile. Kwa hiyo hata yule kijana angeichomeka ikawaka, ethi nisingeiona. Na ile video iliyonifurahisha haikuonyesha kitu. Wote wawili wanauza mauti yenye taa nyekundu. Taasisi ya Viwango Zanzibar, nawaombeni pitieni madukani na mita, pasi moja haichukui hata dakika.

Hatimaye nimenunua Darajani, kwa mzee mmoja, na kwa bei ya juu zaidi. Aliichomeka kabla sijamwomba. Nilipomtajia ethi hakununa, akasema, "Mlete fundi wako na mita yake, bibi, nami nijue ninachouza." Fundi akaja, mita ikalia, nikalipa palepale. Kwa hiyo kitu chenye waya ni dukani, tena kwa anayekubali mita. Mtandaoni sinunui tena, hata niamkiwe shikamoo mara kumi. Yule wa Mlandege sijamsamehe, lakini yeye shilingi yangu hakuila.

Wewe dada wa Dar, video yako ninayo, na ujumbe wa pesa niliyokutumia ninao. Nataka pesa ya pasi na pesa ya kanzu.