Kwa mama vitabu, na vita ambavyo farasi ndiye mwenye jina

Mimi hushona viatu vya ngozi soko la Kariokor, Nairobi. Jumamosi nikishuka mjini kununua gundi na misumari, lazima nipitie kwa mama mmoja anayetandaza vitabu kuukuu juu ya gunia kando ya barabara. Hana kibao. Ananiita fundi, namwita mama vitabu.

Nianze na ubaya. Hapangi chochote: hesabu za darasa la nane zimelalia Biblia, Biblia imelalia jarida la magari. Mvua ikinyesha hufunika kwa nailoni yenye matundu, kwa hivyo vingi vimevimba kama mandazi. Na kagua kurasa za mwisho kabla hujalipa. Niliwahi kuuziwa riwaya iliyokatika mwisho kabisa, shujaa akiwa katikati ya mto. Nilipoirudisha hakubishana, alinipa nyingine.

Uzuri wake, hasahau unachotafuta. Nilimwambia mara moja tu kwamba nataka hadithi za vita vya Waingereza na Wajerumani huku kwetu, 1914 hadi 1918, maana soko letu lilipata jina kwa wapagazi wa vita hivyo, Carrier Corps, ulimi wetu ukasema Kariokor na wa Dar ukasema Kariakoo. Tangu hapo ameniwekea riwaya tano, zote za Kiingereza, shilingi 150 hadi 300.

Nimezimaliza, na zote zina kosa la maafisa wenyewe wa vita hivyo: kutomwona mpagazi kama mtu. Mwaka wa 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliposonga kusini, mbung'o waliua farasi na nyumbu kwa maelfu, mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Iliyohesabiwa ni mizigo. Unga waliopewa wengi hawakuuzoea, tena mara nyingi waliula haujaiva. Maradhi, kuhara hasa, yakawamaliza kuliko risasi.

Sasa fungua riwaya. Farasi wa afisa ana jina, anaugua, analiliwa kurasa tatu. Wapagazi wanakufa kwa sentensi moja na safari inaendelea. Buti za afisa nimeelezwa mpaka kamba zake. Miguu mitupu iliyobeba ratili 50, hata kama ilikuwa na funza sikuambiwa. Mtu wa kazi yangu hawezi kuliruka jambo kama hilo. Ipo moja ya nia njema, inawasuta Waingereza kila sura, lakini mpagazi wake ni "yule mzee" mpaka anazikwa.

Nilipomlalamikia mama vitabu alicheka, akaniuliza kama nimewahi kusoma maandishi ya ile sanamu ya Kenyatta Avenue. Miaka yote napita tu! Nikaenda. Watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. Maandishi yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nilizunguka nyuma, nikarudi mbele. Jina hata moja sikuliona.

Nampa nyota nne, moja nimeibakisha kwa sababu ya ile nailoni. Fika kabla ya saa kumi na mbili jioni, anapokea M-Pesa. Riwaya ya sita anasema ameshaipata. Nimemwomba kwanza aangalie mpagazi anaitwa nani.