Simbilisi wako alalie nini? Matandiko ya kununua Nairobi na ya kuacha dukani

Nenda kwa mafundi seremala wa Gikomba na gunia tupu uombe maranda, swali la kwanza litakuwa: "Kuku wangapi, mama?" Mimi nilipojibu kwamba ni ya simbilisi wawili wanaoishi nami orofa ya tatu, fundi alisimamisha randa akaniangalia kama mtu anayemtafutia mbu kitanda. Gunia alinijazia, lakini kwanza alicheka.

Simbilisi ni wale ambao watoto wangu huwaita ginipigi. Wa kwetu ni Chapati na Ndengu. Wanakula mchana na usiku, kwa hiyo wanakojoa mchana na usiku, na tofauti na paka hawana adabu ya choo, ingawa hupenda kona yenye giza. Mkojo wao una kalsiamu nyingi na ukikauka huacha unga mweupe sakafuni. Ukiachwa ukae, bakteria huugeuza kuwa amonia, ile harufu inayochoma pua. Wewe ukiisikia ukiwa umesimama mlangoni, jua kwamba wao wamekuwa wakiivuta tangu jana, maana pua zao ziko sentimita chache tu kutoka sakafuni. Mapafu ya simbilisi ni dhaifu, mafua yao hugeuka nimonia upesi. Nyayo zao nazo hazina manyoya, na zikikanyaga majimaji kila siku hutoka vidonda ambavyo huchukua wiki nyingi kupona.

Kwa hiyo kabla ya kutazama bei, pima mambo mawili. Weka konzi mbili za matandiko kwenye bakuli, mwagia robo kikombe cha maji, ngoja dakika kumi, kisha kandamiza juu kwa karatasi ya choo. Karatasi ikiloa, mnyama naye ataloa. Halafu usiku zima taa, washa tochi ya simu, urushe konzi moja juu. Vumbi unaloliona likielea kwenye mwanga ndilo litakaloingia kifuani mwake, na kifuani mwako pia kama mnalala chumba kimoja.

Kipimo cha tatu ni bomba lako, yaani maji unayopata nyumbani. Nitalirudia hilo kwenye flisi, kile kitambaa laini cha blanketi.

Nafasi ya kwanza: maranda makubwa

Nasema maranda, yale mapande membamba yaliyojikunja yanayotoka kwenye randa. Sisemi unga wa msumeno. Wauzaji wengi huchanganya viwili hivi kwenye gunia moja, na hapo ndipo nilipoumia mara ya kwanza. Nilinunua gunia kwa mtu aliyeniapia kwamba ni "safi kabisa", nikamwaga bila kuangalia. Siku ya tatu Ndengu alikuwa anapiga chafya, jicho moja linatoka maji. Daktari wa mifugo aliona vumbi kwenye manyoya yake kabla hata sijamaliza kueleza. Siku hizi sinunui kabla ya kuingiza mkono hadi chini ya gunia.

Muulize fundi ni mbao gani. Nairobi mara nyingi atakuambia saiprasi au paini, na zote zinafaa kama mbao ilikuwa kavu. Mbao mbichi ya jamii hiyo ina mafuta yenye harufu kali yanayowasha njia ya hewa. Ikikaushwa vizuri, mengi hutoka. Ukifungua gunia na chumba kizima kikanukia msitu, rudisha. Mutarakwa, ambao wengi huuita sida, ule mti mwekundu wa nguzo za ua unaonukia kama sanduku la nguo la nyanya, usiuchukue hata ukipewa bure. Kataa pia maranda ya mbao zenye rangi ya kijani ya dawa ya mchwa, na kila kitu kilichotoka kwenye plaiwudi au MDF, kwa sababu ya gundi. Karakana inayotengeneza kabati za jikoni si mahali pa kuulizia. Nenda kwa wanaotengeneza vitanda na viti vya mbao tupu.

Ukifika nyumbani chekecha kwa waya wa kuku wenye matundu madogo. Misumari hutokea, na mimi nimeshakuta kipande cha wembe. Yaanike juani siku nzima, kwa sababu karakana za sokoni zina panya, na utitiri hupenda magunia. Tandaza magazeti chini, kisha maranda kina cha sentimita tano hadi saba. Simbilisi wawili kwenye eneo la kama mita moja ya mraba, ukitoa kona iliyoloa kila jioni, unaweza kubadilisha yote mara moja kwa wiki. Yaliyotumika siwapi wazoa taka, ambao hulalamikia gunia zito lililoloa na wana haki. Huyaacha yaoze miezi michache kwenye ndoo yenye matundu, kisha huyatia kwenye magunia ya sukuma wiki.

Maduka ya wanyama na baadhi ya agroveti huuza maranda yaliyokaushwa na kupakiwa. Ni masafi zaidi na ghali mara kadhaa. Ningeyanunua kwa mnyama anayetoka kuugua, au kama huna mahali pa kuanika.

Nafasi ya pili: flisi juu ya taulo

Nilipokuwa naishi kwenye jengo lenye kisima, hii ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Blanketi za flisi za mitumba zimejaa Gikomba na Toi, laini, hazina vumbi hata chembe, na moja hudumu miaka. Watu wengi hudhani flisi hunywa mkojo. Hainywi. Nyuzi zake hupitisha maji kwenda chini, na kinachonywa ni taulo kuukuu mbili tatu ulizotandika chini yake. Bila taulo, mkojo hutuama. Flisi mpya huwa na utando unaofanya maji yadonde juu kama kwenye jani la yugwa, kwa hivyo ifue kwa maji ya moto mara tatu au nne kabla ya kuitumia, na usitie dawa ya kulainisha nguo kamwe, kwani hurudisha utando uleule.

Kazi yake ndiyo hii: kufagia mavi kila siku, asubuhi na jioni ukiweza, na kufua kila baada ya siku tatu au nne. Huhitaji seti moja, unahitaji tatu. Sasa fikiria mtaa ambao maji huja siku mbili kwa wiki, nawe unachagua kati ya sare za shule na shuka ya simbilisi. Fikiria pia baridi ya Julai, nguo imekaa kwenye roshani siku mbili na bado ina unyevu. Flisi yenye unyevu ni mbaya kuliko maranda machafu. Kama una tangi na jua, ipe nafasi ya kwanza mbele ya maranda bila kunisikiliza.

Nafasi ya tatu: vidonge vya karatasi

Kwa kunywa mkojo na kuzuia harufu, hakuna kinachovishinda vidonge vya karatasi iliyosagwa na kushindiliwa. Vinavimba, havina vumbi, havichafui nyumba. Nimevishusha hadi hapa kwa sababu moja tu: vingi vinaletwa kutoka nje, na kujaza kizimba kizima kila wiki kutakufanya uwatazame wanyama wako kwa jicho la mkopeshaji. Badala yake chukua trei kuukuu ya kuokea, iweke kwenye ile kona yao ya giza, tia vidonge humo tu, na uning'inize nyasi juu yake. Simbilisi hupenda kujisaidia wakiwa wanakula. Mfuko mmoja hivyo unafika mbali, na maranda ya kwingineko hukaa makavu zaidi. Chagua visivyotiwa manukato.

Nyasi kavu

Watu huziweka kwenye orodha hii lakini nyasi ni chakula. Boma Rhodes ya agroveti ni nzuri sana tumboni mwao na haifai kitu kama sponji. Ikiloa huota ukungu. Mwezi wa baridi mimi hujaza kijumba chao cha kulala, wakajichimbia, na asubuhi natoa zilizoloa. Luseni acha, kalsiamu yake ni nyingi mno kwa aliyekomaa.

Ya kuacha dukani

Maganda ya mpunga kutoka Mwea ni rahisi na hupendwa na wafugaji wa kuku, ila hayanywi maji na ncha zake huchoma. Magunzi ya mahindi huota ukungu. Magazeti peke yake hugeuka uji kufikia jioni, ingawa chini ya maranda hayana mpinzani. Unga wa msumeno nimeshausema. Mchanga wa paka unaogandamana ndio ninaouogopa zaidi, kwa sababu simbilisi huonja kila kitu, na kinachovimba kwenye trei huvimba pia tumboni.

Ule unga mweupe unaobaki kwenye plastiki ya sakafu, ambao nilikuwa nikiusugua kwa sabuni mpaka mikono ikachoka, hautaki nguvu. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, mwaga, nenda ukapike chai, urudi upanguse kwa kitambaa.