Kipimo kamili cha mafuta katika damu kwenye maabara binafsi ya Upanga: upimaji mzuri, karatasi ya majibu yenye upungufu

Maabara ninayoitathmini iko Upanga, Dar es Salaam, na huduma niliyoilipia ni kipimo kamili cha mafuta katika damu, yaani kile kinachotoa lehemu (kolesteroli) yote, LDL (inayoitwa lehemu mbaya), HDL (inayoitwa lehemu nzuri) na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) kwa pamoja. Nilikwenda na kaka yangu mkubwa, ambaye alipatwa na shambulio la moyo kabla hajatimiza miaka 55. Tukio la namna hiyo kwa ndugu wa damu wa karibu ni sababu ya kutosha ya kuwapima wengine wote katika familia, na ningependa kila anayesoma tathmini hii akiwa na historia kama yetu asiliahirishe jambo hilo.

Kwanza niseme kwa nini sikuridhika na kipimo cha bei nafuu. Duka la dawa la mtaani lilikwisha kunitoboa kidole na kuniambia kwamba lehemu yangu ni 5.1 (viwango vyote vya mafuta hapa ni vya milimoli kwa lita), kwa hiyo niko salama, kwa kuwa mpaka wao ni 5.2. Maabara ya Upanga ilipata 5.1 ile ile. Tofauti ni kwamba hapa namba hiyo iligawanywa, na mgawanyo wake ukaonyesha HDL ya 0.9, ambayo kwa mwanamume ni ndogo kwa sababu haifiki 1.0, na trigliseridi za 2.2 ilhali zinatakiwa zisizidi 1.7. Mtu aliyepewa jumla peke yake angerudi nyumbani akiamini kwamba mafuta yake hayana kasoro yoyote. Kwa sababu hiyo sioni faida kubwa ya kulipia kipimo kinachotoa jumla tu, hata kama bei yake ni ndogo, endapo mtu anaweza kumudu kipimo kamili.

Umuhimu wa mgawanyo huo unatokana na jinsi lehemu inavyosafiri mwilini. Lehemu haiyeyuki katika damu, hivyo hubebwa ndani ya chembe maalumu, na chembe za LDL ndizo zinazobeba sehemu kubwa. Chembe hizi zinapokuwa nyingi kwa miaka mingi hupenya na kunasa katika kuta za ateri, zikiwemo zile zinazoulisha moyo wenyewe, kisha seli za kinga huzimeza hadi zikajaa mafuta, na taratibu utando mnene hujengeka ndani ya ukuta. Utando huo unaweza kuubana mshipa kiasi cha kumfanya mtu ahisi kifua kubana anapopanda ngazi, lakini hatari kubwa zaidi ni pale unapopasuka ghafla, damu ikaganda juu yake, na sehemu ya msuli wa moyo ikakosa damu. Hilo ndilo shambulio la moyo, na linaweza kumpata mtu ambaye hajawahi kuhisi dalili yoyote.

Wapo wanaodai kwamba uhusiano huu ni wa kukisia, na nadhani wanastahili kujibiwa kwa ushahidi. Mwaka 1913 Nikolai Anichkov, akifanya kazi Urusi, aliwalisha sungura lehemu na mishipa yao ikaota utando unaofanana na ule wa binadamu. Mwaka 1985 Michael Brown na Joseph Goldstein walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi seli zinavyoiondoa LDL katika damu, na kwa nini watu waliozaliwa na kasoro katika mfumo huo hupata ugonjwa wa moyo mapema sana. Kisha mwaka 1994 yakatolewa matokeo ya utafiti wa nchi za Skandinavia uliohusisha wagonjwa wa moyo 4,444, ambapo waliopewa simvastatini, dawa ya kushusha lehemu, walipungukiwa na vifo kwa asilimia 30 katika kipindi cha takriban miaka mitano, wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ushahidi unaonigusa zaidi ulichapishwa mwaka 2006: Wamarekani weusi waliorithi mabadiliko fulani katika jeni ya PCSK9 walikuwa na LDL pungufu kwa asilimia 28 tangu kuzaliwa, na hatari yao ya ugonjwa wa ateri za moyo ilikuwa pungufu kwa asilimia 88. Upungufu wa kiasi tu, uliodumu maisha yote, ulileta kinga kubwa kiasi hicho.

Nikirudi kwenye huduma yenyewe, upimaji ulifanywa kwa uangalifu. Mtaalamu wa maabara alitutaka tuketi kwa muda kabla ya kutolewa damu, jambo lenye maana kwa sababu mtu aliyetoka kusimama muda mrefu huonyesha viwango vilivyopanda kidogo, na hakuuacha mkanda mkononi zaidi ya ilivyohitajika. Mapokezi yalikuwa ya heshima na majibu yalitoka siku hiyo hiyo. Hakuna aliyetuuliza kama tulikuwa tumeugua malaria au homa nyingine hivi karibuni, ingawa maradhi ya namna hiyo huishusha lehemu kwa muda na kumpa mtu majibu ya kufurahisha yasiyo ya kweli.

Walitutaka pia tufunge kula kwa saa 12. Tangu mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wamekubaliana kwamba wengi wetu hatuhitaji kufunga kwa ajili ya kipimo hiki, isipokuwa trigliseridi zikionekana kuwa juu sana na kipimo kikahitaji kurudiwa. Kwa kijana mwenye afya, kufunga ni usumbufu mdogo tu. Kwa mama mwenye kisukari anayetumia insulini, kufika maabara saa nne asubuhi bila kula ni hatari ambayo si lazima, na naiomba maabara iliangalie upya sharti hilo.

Kasoro kubwa iko kwenye karatasi ya majibu. Kila namba imewekewa safu moja ya kiwango cha kawaida, safu ile ile kwa kila mteja, awe kijana asiye na tatizo au mtu aliyekwisha kunusurika na shambulio la moyo. LDL ya kaka yangu ilikuwa 2.6, na pembeni yake pameandikwa kwamba ni ya kawaida. Aliisoma, akaikunja, akaniambia, "Mdogo wangu, hizi dawa sasa naziacha, si unaona nimeshapona?" Ukweli ni kwamba mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2019 unataka mtu wa hali yake awe na LDL iliyo chini ya 1.4, na ipungue angalau kwa nusu ya ilivyokuwa kabla ya dawa. Maana yake alihitaji kurudi kwa daktari wake ili dozi iongezwe, au aongezewe dawa nyingine. Neno moja lililochapwa na mashine lilitaka kumwondoa katika tiba inayomlinda. Daktari wake alimweleza vizuri baadaye na dozi ikaongezwa, lakini wapo wanaopokea karatasi kama hiyo na hawaoni daktari kabisa.

Jambo la pili kwenye karatasi hiyo ni kwamba haisemi kuwa LDL imekokotolewa. Maabara nyingi haziipimi moja kwa moja. Huchukua lehemu yote, hutoa HDL, kisha hutoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Kwangu ni 5.1 kutoa 0.9 kutoa 1.0, na jibu ni 3.2, namba ile ile iliyoandikwa. Hesabu hii inatosha kwa wengi, ila trigliseridi zikizidi 4.5 haifai tena, na mgonjwa anastahili kulijua hilo. Pia hawakuandika lehemu yote ukiondoa HDL, ambayo kwangu ni 4.2. Namba hiyo hukusanya pamoja chembe zote zinazoweza kuziba mishipa, na ina msaada mkubwa kwa wenye kisukari na wenye trigliseridi nyingi. Haihitaji kemikali ya ziada wala gharama yoyote, bali kutoa namba moja kutoka nyingine.

Kipeperushi cha ushauri wanachokigawa kinapaswa kuandikwa upya. Kinatumia nusu ukurasa kukataza mayai, na hakisemi lolote juu ya samli, mafuta ya nazi, mafuta ya mawese na nyama yenye mafuta mengi, ambavyo mafuta yake yaliyokolea (kwa Kiingereza "saturated") ndiyo yanayoipandisha LDL kuliko lehemu iliyomo ndani ya yai. Kinasifu vilevile mafuta ya kupikia yenye maandishi ya kutokuwa na lehemu, ilhali mafuta yote ya mimea hayana lehemu ya kuzungumzia, kwa hiyo maandishi hayo hayamsaidii mnunuzi kuchagua. Kuhusu sigara, ambayo hushusha HDL na kuumiza kuta za mishipa moja kwa moja, nimekuta mstari mmoja tu.

Kwa ubora wa upimaji naipa maabara hii alama nne kati ya tano, na kwa maelezo ya majibu naipa mbili. Nitaitumia tena, kwa sababu namba zake naziamini, na nimewaandikia kuwaomba waondoe neno "kawaida" kwenye mstari wa LDL na badala yake waweke viwango vitatu: kwa asiye na ugonjwa, kwa mwenye kisukari, na kwa aliyekwisha kuugua moyo. Mpaka watakapofanya hivyo, anayekwenda kupima pale aichukue karatasi yake na kuipeleka kwa daktari anayejua shinikizo lake la damu, sukari yake, kama anavuta sigara, na nani katika ukoo wake ameugua moyo.