Tangazo katika jarida la wikendi: nafasi ipi ununue kwanza

Kwenye saluni ninayosukwa hapa Nairobi, gazeti la Jumamosi likifika hugawanywa papo hapo. Kurasa za siasa huchukuliwa na mwanamume anayemsubiri mkewe, na jarida la ndani hubaki kwa wanawake walio chini ya draya. Nikipita Jumatano bado nalikuta mezani, ncha zimekunjamana, ukurasa wa mapishi umeshachanwa. Gazeti lenyewe lilifungiwa maandazi tangu Jumapili. Kwa hiyo mfanyabiashara mdogo akiniuliza atangaze wapi gazetini, mimi humpeleka kwenye jarida la wikendi. Ila nafasi za humo hazilingani, na nimeona watu wakimaliza akiba yao kwa kununua isiyowafaa.

Ninayoiweka ya kwanza ni robo ukurasa, tangazo lilelile, wiki nne mfululizo, kando ya safu inayohusu unachouza. Jirani wa tangazo ndiye anayekuletea mteja. Mwoka keki akae karibu na mapishi, mshonaji karibu na mitindo, muuza mapazia karibu na kurasa za nyumba. Saturday Nation, kwa mfano, imekuwa na Saturday Magazine ya mambo ya familia na mahusiano, na pia Seeds of Gold ya wakulima. Ukiuza mashine za kutotoa vifaranga, Seeds of Gold ndiyo yako, hata kama Saturday Magazine inapendeza zaidi. Msomaji hafanyi uamuzi siku ya kwanza. Wiki ya kwanza anaona, ya pili anakumbuka, ya tatu binti wa dada yake anaposwa, na hapo anaanza kulitafuta lile tangazo la keki. Kama ulilitoa mara moja tu, atapata la mwenzako. Na nafasi hiyo idai kwa maandishi, ukurasa wa kulia ikiwezekana, maana ahadi ya mdomo husahaulika jarida linapopangwa.

Pesa zikiwa chache, shuka hadi ya pili: mkanda mwembamba chini ya ukurasa. Jina, picha moja, namba, mtaa. Basi.

Ya tatu ni makala ya kulipiwa. Inafaa kwa huduma inayohitaji maelezo, kama matibabu ya meno au bima ya afya. Hakikisha imeandikwa wazi kuwa ni tangazo, kwani msomaji akigundua mwenyewe, imani yote hupotea.

Kipeperushi cha kuchomekwa ndani nakipa nafasi ya nne. Unalipa kukichapa, unalipa tena kukichomeka, na vingi huanguka kwa muuza magazeti kabla ya kumfikia mnunuzi.

Ukurasa mzima na jalada la nyuma naviweka mwisho. Si vibaya, ila vinawafaa wenye benki na kampuni za simu, ambao mwezi ujao watarudi tena. Wewe utaonekana Jumamosi moja tu, kisha kimya.

Kuhusu bei, magazeti mengi huhesabu kwa sentimita za safu, yaani kimo cha tangazo mara idadi ya safu. Tuseme, kwa wepesi wa hesabu, kila sentimita ni shilingi 1,000. Tangazo la safu 3 lenye kimo cha sentimita 12 ni sentimita 36, yaani shilingi 36,000. Ongeza VAT ya asilimia 16 na unalipa 41,760. Wengi husahau hiyo 5,760 hadi ankara inapowafikia. Uliza pia punguzo la mfululizo, na usiridhike na idadi ya "wasomaji" unayotajiwa. Uliza nakala ngapi zinauzwa.

Sasa jambo linaloniuma hadi leo. Mteja wangu mmoja, mshonaji wa magauni ya harusi, alitaka namba yake ya simu iwe nyeupe juu ya zambarau nzito. Kwenye kompyuta ilikuwa safi kabisa. Karatasi ya gazeti hunyonya wino, na rangi huchapwa moja baada ya nyingine, kwa hiyo zikihama hata kidogo, maandishi madogo meupe hujaa. Namba 8 ilisomeka 3. Mwezi mzima wa Novemba, wakati maharusi wa Desemba wanatafuta gauni, simu zililia kwa mtu mwingine kabisa. Tangu hapo namba zangu zote ni nyeusi juu ya nyeupe, kubwa na nene, na huomba ukurasa wa majaribio uliochapwa, si wa kuonyeshwa kwenye skrini. Faili lipelekwe likiwa na rangi za uchapaji, yaani CMYK, na picha za nukta 300 kwa inchi.

Majarida haya mara nyingi huchapwa kabla ya gazeti lenyewe, kwa hiyo ukitaka kubadilisha bei Alhamisi umeshachelewa. Kosa likiwa lao, dai siku hiyohiyo lirudiwe bila malipo.

Mwisho, nunua laini mpya ya simu na namba yake uiweke kwenye tangazo hilo pekee. Kila simu iandikwe daftarini, siku na saa. Mteja wangu wa mapazia aligundua kwamba simu nyingi zilimjia Jumanne, siku ambayo duka lake hufungwa saa saba mchana. Sasa Jumanne anafunga saa mbili usiku.