Final Fantasy X: ngumu, lakini ina haki

Nimeimaliza gemu hii mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Wete, kwenye PlayStation 2 ya kaka, mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe mpaka mama atuite daku. Mara hii nimeicheza kwenye kompyuta, lile toleo la 2016, na bado sijaona gemu ya kupigana kwa zamu iliyopimwa ugumu wake vizuri hivi.

Square waliitoa mwaka 2001. Wapiganaji wako ni saba, lakini wanaosimama uwanjani ni watatu, na unaweza kubadilisha mtu katikati ya pigano. Kila adui ana mpiganaji wake: anayeruka kama ndege ni wa Wakka na mpira wake. Mwenye gamba gumu umwachie Auron. Yule wa urojorojo, panga linampita tu, huyo ni wa uchawi wa Lulu. Na kila aliyepata kucheza zamu moja tu anavuna pointi sawa na wenzake, kwa hiyo hakuna anayeachwa nyuma akadumaa.

Kilichonishika zaidi ni orodha ya zamu iliyo pembeni mwa skrini. Ukilichagua pigo zito, unaliona jina lako likishuka kwenye orodha kabla hujathibitisha. Adui naye anakungoja, hakuna saa inayokukimbiza. Kaka alikuwa akikaa na pedi mkononi dakika nzima habonyezi kitu, vilevile kama wazee wa barazani kwenye bao wanavyoshika kete wakahesabu mtaji utaishia shimo gani. Ukishindwa, unajua kosa lilikuwa wapi.

Chukua pigano la Yunalesca, bosi (adui mkubwa) mwenye maumbo matatu. Katika umbo lake la pili anawatia watu wako uzombi, na zombi ukimpa dawa ya kuponya inamuumiza. Basi sisi tukawa mbiombio kuwasafisha wote kwa maji matakatifu. Umbo la tatu likaja na Mega Death, na pigo hilo linaua kila asiye zombi. Wote watatu chini! Kumbe ule ugonjwa ndio uliokuwa kinga. Siku ya pili tulimwacha mmoja na uzombi wake makusudi, tukashinda kabla ya daku, na kaka akanikumbatia. Hatukuwa tumeongeza nguvu hata chembe. Tulikuwa tumeelewa.

Ninacholalamikia katika toleo la zamani ni ile hadithi ndefu kabla ya pigano hilo, isiyorukika. Ukifa, unaitazama tena yote. Na kwa kuwa unahifadhi mchezo kwenye vituo maalumu tu, umeme ukikatika katikati ya njia umepoteza kila kitu. Kwetu hilo lilikuwa gumu kuliko bosi yeyote. Usiku mmoja tulipoteza saa mbili nzima, nikalia. Toleo la kompyuta linahifadhi lenyewe na linakuruhusu kuruka hadithi, na kwa mtu wa Unguja au Pemba sababu hiyo peke yake inatosha kulichagua.

Kasoro ya kweli iko karibu na mwisho. Ukishazunguka dunia nzima ukakusanya silaha kubwa, pigo lako linavuka kikomo cha 9,999, na mapigano yaliyobaki yanakuwa mepesi mno. Yuko pia Yojimbo, kiumbe unayemwita akupiganie na kumlipa pesa: akikubali kutoa pigo lake la Zanmato, adui anakatika mara moja, hata awe bosi. Mimi simwiti. Pigano nililoliendea safari yote hiyo sitaki kulinunua.

Kwa anayeanza: kwenye kompyuta kuna kitufe cha kuzima mapigano ya njiani na kingine cha kuongeza kasi. Kasi itumie unavyotaka. Mapigano yaache, walau mpaka uvuke mlima Gagazet, kwa sababu Seymour, bosi mwingine, anakusubiri kule juu, na yeye pia anajua kutumia uzombi.